Mkono Unaozaa Nyanya

12 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo za wiki zote nilizonyamaza, maana najua unavyoziwekea hesabu. Huku tunapumua. Shemeji yako anakusalimu. Bado yuko gereji, bado anarudi na mikono ya grisi na kuipangusia kwenye taulo langu jeupe. Mama mkwe amehamia kwetu tangu mwezi jana ili anisaidie. Ananisaidia sana. Usiulize zaidi ya hapo.

Sasa jambo lenyewe. Nina mimba, dada. Sikukuambia mapema kwa sababu mara mbili nimetangaza mapema na unajua yaliyofuata. Mkunga amesema kwa vile wale wawili walitoka kabla ya wakati wao, safari hii nilale kitandani mpaka siku ya kujifungua. Kulala kabisa, si kujinyoosha. Mimi niliyezoea kukanyaga cherehani kutwa nzima sasa nakanyaga hewa. Cherehani imefunikwa shuka pale pembeni kama mgonjwa mwenzangu. Wateja wakija wanasimama dirishani, naona vichwa tu, naambiwa, "Fundi, gauni langu vipi?" Nawajibu lipo, wavumilie.

Nategemea mwanzoni mwa Julai. Nataka uje Juni ukae nami. Zile mara mbili ulikuwepo, na hii ya tatu nakutaka wewe vilevile, simtaki mtu mwingine.

Usipige simu. Kwenye simu unasema "salama, salama" halafu mtandao unakatika, na mara nyingine mtandao huo ni kidole chako. Andika. Mpe kondakta wa basi linaloleta matenga ya nyanya, shemeji yako atapitia stendi.

Mdogo wako,
Sindano


27 Machi

Sindano wangu,

Marahaba zote, na zilizozidi weka akiba. Baba mdogo anakusalimu; meno yake yamebaki ya kusalimia tu. Yule kuku mweupe uliyemwacha amekuwa bibi, hatagi tena, anazunguka uani akiwagombeza wenzake. Paa la jikoni tumelibadilisha.

Barua yako niliisomea bandani, nimekaa juu ya ndoo, nikailia. Nililia kwa furaha, usinielewe vibaya. Lala, mdogo wangu. Ukiambiwa lala, lala hata na ulimi wako.

Kuhusu kuja, nakuja. Ila ngoja nikueleze nilivyokaa, maana ulipoondoka banda hili halikuwepo. Kikundi chetu cha wakulima kilijengewa banda la nailoni, refu, lina milango miwili na wavu pembeni wa kuzuia wadudu. Mzao wa kwanza wa nyanya ulikufa wote kwa mnyauko. Mche unakuwa mzima asubuhi, mchana umelegea kama nguo iliyoloa, na ukikata shina ukalitia kwenye glasi ya maji unaona uzi mweupe unashuka. Ugonjwa uliingia na udongo wa viatu, kwani kila mwanachama alikuwa akijipitia tu kutazama mali yake. Basi ikapitishwa kwamba ataingia mtu mmoja, kwa jozi moja ya buti na ufunguo mmoja. Nikachaguliwa mimi, kwa kuwa sina mume wala mtoto wa kunidai nyumbani. Walisema hivyo hivyo, mbele yangu.

Sasa kuna kitu kimetokea, utacheka. Ua la nyanya linajitosheleza lenyewe, linataka kutikiswa tu ili unga wake udondoke na tunda lishike. Shambani upepo hufanya kazi hiyo. Ndani ya nailoni hakuna upepo wala nyuki, kwa hiyo kila asubuhi umande ukikauka napita mstari kwa mstari nagonga kamba zilizoshikilia miche, kwa kidole, taratibu. Bwana shamba alituonyesha sote siku ya kwanza. Wakaitikia kwa vichwa, wakasahau kwa vichwa hivyo hivyo. Mwaka jana nikaugua homa, akaingia jirani yetu Mbishi badala yangu. Akamwagilia, akapalilia, hakugonga hata kamba moja. Alisema yeye hachezi ngoma na mboga. Maua yakageuka manjano yakadondoka. Niliporudi matunda yakashika. Basi wakaamua kwamba nina mkono. "Mkono wa mama huyu unazaa," Mwenyekiti alisema mkutanoni, na watu wakageuka kunitazama.

Mimi nilitabasamu tu. Kwa kweli sikuwakatalia. Nitaomba ruhusa, usiwe na wasiwasi.

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Huku wazima. Mama mkwe amehamisha vyombo vyangu vyote. Sufuria sasa zinakaa vilipokaa vikombe, na vikombe sijui viko wapi, siruhusiwi kuamka kuvitafuta. Mtoto anacheza. Usiku na mchana anapiga teke kama anadai mlango.

Mgema akisifiwa, dada, tembo hulitia maji. "Nilitabasamu tu"! Nakuona ulivyotabasamu. Haya, umeshaomba ruhusa? Barua nzima umenieleza habari za maua, mstari mmoja tu ndio umenijibu. Dari la chumba changu lina doa lenye umbo la kobe. Nimelitazama mpaka nimelipa jina, na sitakuambia nimelipa jina la nani, ila ni mtu wa kutembea polepole.

Sindano


22 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Kobe amekusikia. Huku mvua imetosha, baba mdogo amepona kifua, na mtoto wa pili wa Mama Mapacha ameota jino.

Nimeomba. Nilisimama mkutanoni nikasema mdogo wangu amelazwa, ana mimba ya tatu na hana mtoto, naomba mwezi mmoja. Mwenyekiti akavua kofia, akaivaa tena.

"Mama," akasema, "sisi si watu wabaya. Lakini Juni ndiyo maua ya mzao mkubwa. Ukiondoka na mkono wako, sisi tubaki na nini?"

Nikawaambia hakuna mkono, ni kugonga kamba tu, hata kuku anaweza. Wakacheka, wakasema watu wenye baraka ndivyo walivyo, hawajisifu. Nikawaambia nitawafundisha. Mbishi akasema yeye alishafundishwa na matokeo tuliyaona.

Basi nikamchukua Mama Mapacha, mwanachama mwenzangu. Nikampa buti zangu, nikamkanyagisha kwenye beseni la dawa mlangoni, akaingia peke yake, mimi nikabaki nje ya wavu namwelekeza. Amegonga wiki nzima, vizuri kuliko mimi, ana vidole vyepesi. Matunda yakashika kila kishada. Nikamwita Mwenyekiti aje aone kwa macho yake. Akatazama, akafurahi, akasema, "Unaona? Umesimama mlangoni tu na bado yamezaa."

Nimeshindwa, Sindano. Nikiingia ni mkono wangu, nikikaa nje ni kivuli changu. Ufunguo uko shingoni, kamba yake inanikata nikitoka jasho, na jasho humo ndani haliishi. Saa sita mchana nailoni inawaka mpaka hewa inakuwa nzito kama uji. Nimejaribu, Mungu anaona nimejaribu. Labda mama mkwe wako atatosha?

Dada yako


4 Mei

Dada,

Shikamoo. Mama mkwe hatatosha.

Nimelala nikawaza mpaka kobe akanionea huruma. Watu wako wanaamini mkono. Vizuri. Mtu anayeamini hapingwi, anashonewa. Kwenye mfuko huu utakuta jozi ya glavu. Nimezishona kwa mkono, nimelala chali, kwa shuka la mistari ya buluu lile tulilolalia utotoni. Nilikuwa nalo bado. Kipimo nimechukua mkono wangu mwenyewe, kwa sababu wangu na wako ni mmoja, unakumbuka mama alivyokuwa akishindwa kututofautisha gizani kwa kutushika.

Zivae kila siku mbele ya watu. Ukitoka bandani zivue taratibu, zikunje, ziweke kifuani. Wakikuuliza, sema huwezi kueleza. Wakishazizoea utangaze kwamba mkono wako umeingia kwenye glavu, umvishe Mama Mapacha. Ni uongo, lakini ni uongo wa pamba, hauumizi mtu. Mama Mapacha mwambie ukweli, na mwambie zaidi saa ya kugonga.

Halafu panda basi.

Mkunga alikuja jana. Anasema tumbo limekaa vizuri. Zile mara mbili hakuna aliyeniambia limekaa vizuri. Naogopa kukuambia hivi, nisije nikalitia mkosi, lakini nimwambie nani?

Sindano


26 Mei

Sindano, fundi wa mafundi,

Marahaba, na heshima yangu. Baba mdogo alipozisikia habari za glavu alicheka mpaka tukampigapiga mgongo.

Imekuwa kama ulivyosema. Siku ya tatu tu Mbishi alinisimamisha njiani, akauliza kwa sauti ya chini kama zinaoshwa. Nikasema, "Siwezi kueleza." Akaitikia kama mtu aliyeelezwa vizuri. Jumapili iliyopita kwenye mkutano nikazivua mbele ya wote, nikamvisha Mama Mapacha. Hata mapacha wenyewe waliacha kugombana wakatazama. Mwenyekiti akamshika mikono yote miwili akasema, "Sasa tunao." Nikampa na ufunguo.

Hakuna aliyeniuliza naondoka lini, wala narudi lini. Walimzunguka Mama Mapacha wanaigusa mistari ya buluu. Nilidhani watanililia hata kidogo, Sindano. Miaka yote hii nimewatolea jasho mule ndani, kumbe walichohitaji ni shuka letu la utotoni.

Lakini kuja kwangu kumechelewa kidogo. Kuna mche mmoja mstari wa mwisho ulilegea mchana, nataka nihakikishe si mnyauko. Na nyanya za kwanza zinaanza kuiva, Mama Mapacha hajazoea kuchagua. Na baba mdogo kifua kinaweza kurudi. Na barabara ina matope. Ngoja wiki hizi mbili zipite.

Dada yako


5 Juni

Dada,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani leo, nyumba ni hii hii.

Umeniandikia sababu nne. Mtu mwenye sababu ya kweli huandika moja. Ufunguo umeutoa, buti umezitoa, mkono umeutoa. Mlango uko wazi na wewe umekaa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, dada, usiwasingizie tena wenye kikundi.

Nitakisema mimi, kwa kuwa wewe utaandika habari za kuku mpaka nijifungue. Mara ya pili, ulipokuwa umempokea mtoto na amelia kidogo kisha akanyamaza, mama mkwe alikuwa nje ya pazia. Akamwambia jirani yake, "Wawili wote wamepita kwenye mikono ya yule dada. Ule mkono ni mzito." Ulidhani nimezimia. Nilikuwa nimefumba macho tu. Nilikusikia ukiliweka beseni chini. Asubuhi yake ukaondoka, ukasema una palizi.

Sikuwahi kukuambia kwamba nilisikia kwa sababu nilidhani ukijua nimesikia utaona haya. Na wewe hukusema kwa sababu ulidhani sikusikia. Tumekaa na jambo hilo kila mtu upande wake, kama watu wanaogombania shuka.

Nijibu ukweli. Nimebakiza wiki chache na siwezi kuamka kuja kukuburuta.

Sindano


13 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Baba mdogo mzima. Kuku mzima. Mche wa mstari wa mwisho haukuwa na mnyauko, kamba ilikuwa imeukaba tu. Nimemaliza habari, na sasa sina pa kujificha.

Naogopa, ndugu yangu. Ndiyo hilo. Wa kwanza nilimpokea hajalia kabisa, wa pili akalia kama paka mdogo halafu akanizimikia mikononi. Niliwaosha wote wawili. Uzito wao ninao bado hapa viganjani. Nikibeba tenga nausikia, nikibeba mche nausikia. Yule mama aliposema vile sikumchukia. Niliona amesema nilichokuwa nakiwaza mwenyewe.

Ndipo nikaja kupewa banda. Na siku Mwenyekiti aliposimama akasema mkono wangu unazaa, mbele ya watu, Sindano, ningewakataliaje? Nilijua ni kidole na kamba. Nilijua kuliko wote. Lakini nililitaka lile neno. Nimelala nalo kila siku. Nikakaa humo ndani nagonga maua, nikawa naona kila tunda likishika ni kama naambiwa siyo wewe, siyo wewe.

Sasa Mama Mapacha ndiye anayeingia. Mimi kila asubuhi nafunga begi langu, natoka kwenda stendi, na miguu inanipeleka bandani. Nakaa nje juu ya ndoo, natazama kupitia wavu. Ananiuliza, "Dada, umesahau kitu?" Nasema ndiyo. Jua likipanda narudi nyumbani nafungua begi.

Je, nikija na akanyamaza tena? Nitakutazamaje? Mruhusu mama mkwe ampokee. Mikono yake haina historia. Nisamehe.

Dada yako


24 Juni

Dada yangu,

Shikamoo.

Barua yako imefika ina doa la nyanya. Kondakta aliisahau ndani ya tenga, ikazunguka sokoni siku kadhaa. Shemeji yako alinisomea kitandani, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi.

Nimejifungua Jumamosi, mchana kweupe. Hakusubiri Julai, ila mkunga anasema alikuwa ameshatimia. Ni wa kike. Amelia, dada. Amelia mpaka mkunga akasema, "Basi, tumekusikia," na yeye akaendelea. Bado analia sasa hivi ninapoandika, ndiyo maana mistari imepinda.

Sasa sikiliza. Mkunga alimpangusa kwa kitambaa, basi. Mama mkwe akaja na beseni na sabuni, amekunja mikono ya gauni. Nikamwambia huyu haoshwi na mtu mpaka dada yangu afike. Akasema mtoto hakai hivyo. Nikamwambia atakaa. Akasema, "Kwa nini yeye?" Nikamwambia kwa sauti ya kufika dirishani kwa wateja wangu: kwa sababu mikono ile imewaosha watoto wangu wakati hakuna mwingine aliyethubutu kuwagusa. Wewe, mama, ulikuwa nje ya pazia. Dada yangu alikuwa ndani.

Akaweka beseni chini. Tangu hapo vikombe vimerudi mahali pake.

Uliuliza akinyamaza tena utanitazamaje. Utanitazama kama ulivyonitazama zile mara mbili, na mimi nitakushika. Sikukuitia bahati, dada. Nilikuita kwa sababu naogopa kama wewe, na kuogopa peke yangu chini ya doa la kobe kumenichosha.

Tena fanya haraka. Ana maziwa kwenye mikunjo yote ya shingo. Ananuka mtindi. Shemeji yako ambaye miaka yote ananuka grisi ameanza kufungua dirisha. Kila anayeingia anauliza ataoshwa lini, namwambia muulizeni mama yake mkubwa aliyekaa juu ya ndoo.

Mama wa mtu,
Sindano


26 Juni

Sindano,

Niko stendi. Basi la asubuhi limejaa, barua hii nampa kondakta ashuke nayo mkononi, si kwenye tenga. Mimi nina kiti kwenye la mchana.

Bandika maji.